Wema usioandikwa kwenye daftari

Mke wangu alifariki alfajiri ya Jumatano mwezi Februari 2024, katika wodi ya hospitali moja hapa Mwanza. Kitanda cha jirani alilazwa msichana aliyekuwa akiuguzwa na mama yake, mtu mzima aliyetoka ng'ambo, upande wa Sengerema. Kwa siku tisa tulikuwa tumesalimiana na kuazimana chupa ya chai, basi. Jina lake sikulijua. Nilimwita mayu, kama tunavyowaita kina mama wa umri wake huku Usukumani, naye aliniita baba.

Nilipoitwa kutoka kwenye benchi la nje nilikuta muuguzi ameshatoka kumfuata daktari. Nikasimama pembeni ya kitanda nimeshika chupa ya uji ambao haukuwa na mnywaji tena. Mayu akainuka kwenye mkeka wake, akaivua kanga aliyojitanda mabegani, akaikung'uta mara moja, akamfunika mke wangu kuanzia miguuni mpaka usoni, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala. Kisha akanishika kiwiko. "Kaa, baba. Kaa kwanza." Nikakaa. Na yeye akakaa chini, karibu na miguu yangu, wala hakusema neno jingine mpaka watu wa mochwari walipokuja.

Siku ya kuchukua mwili nilirudishiwa kanga ile ndani ya mfuko, pamoja na hereni na simu ya marehemu. Baada ya mazishi nilirudi wodini kumpelekea mwenyewe. Kitanda kilikuwa na mgonjwa mwingine. Kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili. Kimoja nimekikunja kabatini kwangu Nyakato. Kingine anacho mama ambaye hata sijui kama binti yake alipona.

Msibani kwangu watu walijaa siku nne. Ndugu, majirani, wafanyakazi wenzangu, wanajumuiya. Walipika, walilia, walikesha, walichimba kaburi. Sasa kwa nini, katika shughuli yote ile, kilichonizuia nisianguke kikawa kanga ya mtu nisiyemjua? Nimelitafakari swali hili muda mrefu, na jibu langu linaanzia kwenye daftari.

Kila aliyewahi kukaa msibani analijua daftari hilo. Kaunta buku, kalamu imefungwa kwa uzi, kijana mwenye mwandiko mzuri amekaa nyuma ya meza ndogo karibu na mlango wa turubai. Unataja jina, mahali unakotoka na ulicholeta. Elfu tano. Elfu kumi. Mchele kilo tatu. Kuni mzigo mmoja. Siku ya kuondoa tanga kamati inasoma mapato na matumizi mbele ya watu, na daftari anakabidhiwa mfiwa. Langu ninalo, nalitunza pamoja na vyeti vya watoto, kwa sababu ni orodha ya watu ninaodaiwa. Jirani akifiwa kesho, nitafungua ukurasa wake nione alinishika mkono kwa kiasi gani, nami nitajitahidi nisipungue hapo.

Nasema haya kwa heshima. Kwa familia nyingi zisizo na bima ya aina yoyote, daftari hilo ndiyo bima. Kikundi chetu cha kufa na kuzikana, chenye katiba ya kurasa mbili na mweka hazina mkali, ndicho kilichonunua jeneza na kukodi gari la kubeba mwili. Bila wao ningeuza kitu. Lakini litazame jina lenyewe: kuzikana. Kiswahili kimeweka siri yote katika herufi tatu. Tunasaidiana, tunatembeleana, tunafaana, tunazikana. Kila kitenzi kimefungwa ile -ana mwishoni, kwamba leo mimi, kesho wewe. Anayeizika maiti ya mwenzake anajiwekea wa kumzika.

Kitendo cha mayu kilikosa hiyo -ana. Alimfunika mke wangu, wala hatukufunikana. Hakuna ukurasa wa kumwandika na hakuna siku nitakayomlipa. Nimekuja kuamini kwamba ndiyo maana wema wake uliniingia mwilini wakati ule ambapo wema mwingine wote uliishia kwenye masikio na mikono.

Kuna sababu nyingine inayofanana na hiyo. Mfiwa nyumbani kwake ni mwenyeji. Kila kundi likiingia anainuka, anapokea mikono, anasimulia. Ilianzaje? Mlimpeleka wapi kwanza? Mbona mlichelewa? Kwani daktari alisemaje? Ndugu wana haki ya habari hiyo na sikumnyima hata mmoja, lakini ifikapo jioni ya siku ya pili nilikuwa nimemuua mke wangu kwa maneno zaidi ya mara thelathini. Na kila ndugu anayeuliza ana lake moyoni: huyu anatafuta kosa la hospitali, yule anashuku mkono wa mtu, mwingine anapima kama mkwe wao alimjali mtoto wao. Mtu baki hana kesi. Mayu alikuwa ameyaona mwenyewe yote ya siku tisa, na hakuuliza.

Na mwanamume akifiwa, mambo yana uzito wake. Aliyefiwa na mume ni mjane, neno linalojulikana na kila mtoto. Aliyefiwa na mke ni mgane. Neno limo kwenye kamusi, ila waulize watu kumi stendi ya Nyegezi, sidhani kama watatu watalijua. Tunasema "yule aliyefiwa na mkewe", kama jambo lililompata na kupita. Kwa Waislamu, mwanamke hukaa eda miezi minne na siku kumi. Eda ina ugumu wake, na wanaoikaa ndio wanaojua, lakini angalau inawatangazia watu kwamba huyu bado yuko msibani. Mwanamume hana eda. Anaambiwa ajikaze. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 4 za likizo yenye malipo anapofiwa na mwenza, na siku hizo 4 ndizo hizohizo zinazohesabiwa akifiwa na mzazi au ndugu wa tumbo moja katika mzunguko uleule wa likizo. Siku 4 zinatosha kusafirisha mwili, kuzika na kurudisha viti vya kukodi. Mimi nilirudi kazini Jumatatu. Kabla ya arobaini wazee walikuwa wameshanikalisha kunieleza kwamba watoto wanahitaji mama. Walinipenda, najua, na walikuwa wanatengeneza nyumba iliyobomoka. Hawakuona kuwa mwenye nyumba bado yuko chini ya kifusi.

Msiba wetu umejengwa kwa ajili ya maziko. Kila kitu ndani yake kinamtumikia marehemu afike kaburini kwa heshima, na katika hilo hatuna mpinzani. Turubai likishushwa, mfiwa anabaki na ukimya ambao hauna kamati. Na humo ndimo watu baki wanamokutana naye, bila kupanga.

Tulimzika kwetu, ng'ambo ya ziwa. Wakati huo daraja lilikuwa bado, tukapita kwa kivuko cha Kigongo na Busisi. Foleni ilikuwa ndefu kama kawaida yake. Gari letu liliposogea, malori yakaanza kujibana pembeni moja baada ya jingine bila polisi kusema kitu. Dereva mmoja alivua kofia akaiweka kifuani. Binti wa kuuza karanga aliteremsha sinia kichwani, akalishika mbele yake kwa mikono miwili mpaka tulipopita. Ndani ya kivuko, mdogo wangu na wenzake walikuwa wamelizunguka jeneza, na mtoto wangu wa miaka sita akaachwa peke yake kwenye reli, hakuna aliyemwona, hata mimi. Mwanamume mmoja mwenye baiskeli iliyofungwa matenga matupu alisogea, akachuchumaa, akamwonyesha ndege mnandi wakizama majini na kuibukia mbali. "Huyu atatokea wapi? Wewe sema." Mtoto akaonyesha kidole. Walihesabu mnandi mpaka Busisi. Tulipofika, yule bwana alimkabidhi kwangu kwa mkono, akasema, "Pole, kaka," akasukuma baiskeli yake akapanda kilima.

Mwanangu hakumbuki sana mazishi ya mama yake. Mnandi anawakumbuka.

Daraja lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Karibu kilomita 3 juu ya maji, na safari iliyokula saa nzima au zaidi sasa ni dakika chache. Nililipita mwaka huohuo kwenda kufyeka kaburi. Silalamiki hata kidogo. Ng'ambo kuna wajawazito na wagonjwa wengi waliokaa kwenye foleni ile usiku wakisubiri kivuko huku kila dakika ikiwa na gharama, na mke wangu mwenyewe aliwahi kuvushwa hapo akiwa hajiwezi. Ninachosema ni kwamba niliendesha kutoka ng'ambo hadi ng'ambo pasipo kutazamana na mtu yeyote. Wema wa watu baki unahitaji mahali pa kusubiri pamoja: kivuko, benchi la wodini, foleni ya maji, siti ya daladala ya kutoka Igoma jioni. Kila tunapoondoa usumbufu, na tuuondoe, tunaondoa pia moja ya sehemu hizo, na sijaona anayelifikiria hilo.

Watu wa ziwa hili wana historia ndefu ya kuwalilia wasiowajua. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiikaribia Mwanza. Orodha ya abiria ilikuwa na watu 443 wa daraja la kwanza na la pili. Wa daraja la tatu hawakuwa na orodha kabisa, na waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 800. Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo. Wengi walizikwa Igoma, baadhi bila ndugu aliyewatambua. Nilikuwa mtoto wa shule. Nakumbuka mama yangu akijifunga kanga mbili na kuondoka na wenzake watatu wa mtaani kwenda Igoma, na mimi nikimuuliza kwani nani wetu alikuwa kwenye meli. Akanijibu, "Hakuna. Ndiyo maana tunakwenda." Sikumwelewa. Kwa akili ya daftari jibu lile halina hesabu: maiti isiyojulikana haina ndugu wa kukumbuka nani alikuja. Walikwenda kwa sababu mtu asizikwe bila wa kumlilia.

Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara, wilayani Ukerewe, na zaidi ya watu 220 wakafa. Waliowahi kufika ni wavuvi wa pale pale, kwa mitumbwi yao. Hawakusubiri amri. Ukiwauliza wavuvi watakuambia kwamba aliye majini hana kabila wala hana deni. Unamtoa kwanza, maswali baadaye. Nadhani mayu aliniona mimi hivyo. Mtu aliye majini.

Niseme kidogo kuhusu wajane, maana yaliyonipata mimi ni mepesi ukilinganisha na yao. Mjane anaweza kukaa kwenye jamvi akifarijiwa na watu walewale ambao kesho watamdai nyumba. Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963 linasema mjane hana fungu katika urithi iwapo marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 68, inampa uhuru wa kuishi atakapo na kuolewa tena na amtakaye au kutoolewa, hata kama mila inasema vingine, lakini uhuru wa kuishi utakapo bila paa ni maneno. Wajane wawili wa Kisukuma walilifikisha suala hili mpaka kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati hiyo ikaamua kwamba Tanzania ilikiuka haki zao. Wahenga walisema kufa kufaana. Mwanamke anayejua kwamba pole ya shemeji ina jicho kwenye hati ya kiwanja hawezi kuegemea bega hilo. Akipata faraja kwa muuza mboga, kwa mwalimu wa mtoto, kwa konda aliyemkatalia nauli, si kwamba ameikimbia familia. Ni kwamba pale ndipo anapoweza kulia bila kulinda kitu.

Wapo wanaonipinga. Shangazi yangu ananiambia kwamba wema wa mtu baki ni rahisi kwa sababu ni wa dakika moja. Yeye amenilelea watoto miezi mitano na hakuna aliyemwandikia makala. Ana haki, na namwomba radhi hapa hapa. Aliyeamka saa kumi kumpikia uji mwanangu amefanya kazi kubwa kuliko aliyemwonyesha mnandi. Ningelazimishwa kuchagua mmoja, ningemchagua shangazi, na mfiwa yeyote mwenye akili angefanya hivyo. Pia si kila mgeni anakuja na moyo safi. Wiki mbili baada ya mazishi nilipigiwa simu na mtu aliyejua jina la marehemu, akidai ana mafao yake ofisini kwao ila nitume kwanza hela ya kufungulia faili. Mfiwa ni windo jepesi, na matapeli wanalijua hilo.

Lakini shangazi alinipa nilichohitaji ili niishi. Watu wale wengine walinipa kitu nisichokuwa na jina lake, na nimejaribu kukipa jina mara nyingi. Walinionyesha kwamba dunia niliyobaki nayo bado ina watu ndani. Ukifiwa na mwenza, huzuni inakudanganya kwamba upendo wote uliokuwa unakuja kwako ulikuwa unapitia mlango mmoja, na mlango umefungwa. Ndugu hawawezi kukutoa kwenye uongo huo, kwa kuwa wao walikuwa ndani tangu zamani na wanapungukiwa kama wewe. Anayeweza ni yule ambaye hakutakiwa kukupa kitu chochote, naye akakupa.

Mke wangu alikuwa na mama wake wa samaki Kirumba, pale njiani kuingia Mwaloni. Jumamosi ilikuwa ya kwao wawili, mimi sikuwahi kufika. Jumamosi ya sita baada ya mazishi watoto walitaka sato, nikaenda. Nilimtambua kwa maelezo tu: beseni la bluu, kiti cha plastiki kilichoshonwa kwa waya. Nikachukua samaki wawili wa juu juu, mtu asiyejua anavyochukua. Akaniangalia. "Wewe si shemeji? Wa Nyakato? Dada yuko wapi, mbona kanitupa?" Nikamwambia.

Aliweka kisu chini. Akanawa mikono kwenye ndoo, akaikausha kwenye kanga, akanipa mkono, akaushika kwa muda. Kisha akawarudisha samaki wangu kwenye beseni. "Hawa wa jana hawa. Njoo huku." Akanifundisha palepale, watu wakisubiri: funua shavu, ndani pawe pekundu, bonyeza tumbo, kidole kisiache shimo, jicho liwe limetuna, lisiwe na ukungu. Akanifanya nirudie mwenyewe kwa samaki watatu mpaka nikampata aliye bora. Akaniparia, akanikatia, akanifungia. Hela akachukua nusu. "Dada alikuwa anataka vichwa viachwe, mtoto mdogo anapenda kichwa," akasema. Mimi sikulijua hilo. Miaka yote sikujua kwamba mwanangu mdogo anapenda kichwa cha samaki, nikaambiwa na mtu nisiyejua jina lake.

Nilikwenda Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata. Kila mara alikuwa ameniwekea wawili pembeni chini ya gunia lililoloana, na kila mara bei ilikuwa ya huruma. Hakuwahi kuniuliza naendeleaje. Aliuliza kama kichwa kililiwa.

Juzi Jumamosi nilimkuta na wateja wengi. Hakuwa ameniwekea. Nilifunua mashavu mwenyewe, nikachagua, nikampa. Akapima, akataja bei, bei ya kila mtu. Nikamwambia mama punguza basi. "Sipunguzi, shemeji, sato wamepanda, nenda kaulize na kule," akasema, huku kisu kikiendelea kuparua magamba. Tukavutana mpaka akanitolea mia tano, nikalipa, nikaondoka na samaki wangu kuelekea kituoni.